Klova si Karafuu

Majuzi nilikuwa nikisahihisha tafsiri za wanafunzi wangu. Matini yenyewe ilikuwa maelezo mafupi ya kilimo, yaliyomhimiza mfugaji wa nyanda za juu apande 'clover' katika malisho yake ili ng'ombe wapate lishe na udongo upate rutuba. Wanafunzi watatu, tena si wale wavivu, waliandika: "Panda karafuu kati ya nyasi." Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Je, mkulima wa Kinangop atakayeusoma ushauri huo ataitoa wapi mikarafuu ya Unguja na Pemba? Na ng'ombe wake watakula nini?

Chanzo cha kosa hilo kinaeleweka. Kwa Kiingereza karafuu ni 'clove', na herufi moja tu ndiyo inayoyatenganisha maneno hayo mawili. Hata hivyo, hayana undugu. 'Clove' lilitokana na neno la Kifaransa lenye maana ya msumari, kwa sababu ya umbo la karafuu iliyokauka. 'Clover' ni neno la kale la Kiingereza chenyewe. Mfasiri anayefuata mfanano wa sauti humpoteza msomaji wake.

Klova ni nini basi? Ni mmea mfupi wa jamii ya kunde, wenye jani lililogawanyika sehemu tatu. Kama ilivyo kwa kunde na maharagwe, mizizi yake ina vinundu ambamo huishi bakteria. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Bakteria hao huigeuza ikawa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Siri hii ilifichuliwa na Mjerumani Hermann Hellriegel mwaka 1886. Majani na mizizi inapooza, au ng'ombe anapokula na kuacha samadi papo hapo, nyasi jirani nazo hupata fungu lao. Kwa mkulima ambaye bei ya mbolea ya dukani humkosesha usingizi, hilo si jambo dogo.

La kusikitisha ni kwamba mmea huu si mgeni kwetu. Iko klova ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, ambayo wanasayansi huiita Trifolium semipilosum. Hutambaa ardhini na kustawi pamoja na nyasi ya kikuyu. Waaustralia waliichukua, wakaichagulia mbegu bora, kisha mbegu hiyo wakaiita 'Safari'. Naam, Safari! Mmea wetu umepewa jina la Kiswahili ng'ambo, ilhali huku nyumbani wanafunzi wa Kiswahili hawajui wauiteje.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini somo la Kilimo lingali linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na urasmi usiofika zizini haumfai mfugaji. Hapa sizungumzii fahari ya lugha. Ushauri kuhusu klova una maonyo yake. Ng'ombe mwenye njaa akiachiliwa ghafla katika klova changa iliyoloa, tumbo laweza kumvimba kwa gesi hata akafa. Aidha, bakteria wanaoifaa klova ya Ulaya kwa kawaida hawaifai hii ya Kiafrika, na anayechanganya mbegu na bakteria wasiofaa hupoteza fedha zake. Mwanafunzi asiyeelewa matini hupoteza alama. Mkulima asiyeelewa onyo hupoteza ng'ombe.

Wapo watakaodai kwamba 'klova' ni neno la kukopa na kwa hivyo halifai. Nawakumbusha kuwa hata karafuu tuliikopa kutoka Kiarabu, na leo hakuna anayeiona ngeni. Neno la mkopo halidhuru, mradi liambatane na maelezo yatakayomwezesha msomaji kuutambua mmea wenyewe. Zaidi ya hayo, wafugaji wetu wameukanyaga mmea huu vizazi na vizazi. Sidhani kwamba wameuacha bila jina katika lugha zao zote.

Ndiyo sababu ninawaomba walimu wa Kiswahili na wa Kilimo, hasa wa shule za nyanda za juu, wakae pamoja walau kwa kipindi kimoja. Mpeni mwanafunzi jani la klova alipeleke nyumbani, amuulize nyanya yake linaitwaje na lina faida gani, kisha aje aandike aya moja kwa Kiswahili sanifu. Aya hizo zikikusanywa, watunzi wa kamusi watakuwa na pa kuanzia, na mfasiri wa kesho hatampeleka mkulima Pemba kutafuta malisho. Mmea huu hutambaa chini, na majina yake yamo vinywani mwa watu tusiozoea kuwauliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.