Paka wa Minamata

Zebaki ni madini ya ajabu. Hung'aa kama fedha, lakini hutiririka kama maji. Tena ni nzito sana: litri moja ya maji ina uzito wa kilo 1, litri moja ya zebaki ina kilo 13 na nusu.

Zebaki ni sumu. Ikitupwa mtoni haiozi wala haipotei. Vijidudu vya topeni huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki. Samaki mdogo ana sumu kidogo. Samaki mkubwa hula wadogo wengi, na sumu yao yote hujikusanya ndani yake. Mtu, paka na ndege wakila samaki mkubwa, hupata sumu nyingi. Lakini samaki huyo haonekani mbaya, wala hanuki. Basi, watu watajuaje? Sikilizeni habari za Minamata.

Minamata ni mji wa Japani, kando ya bahari. Wenyeji wengi walikuwa wavuvi. Palikuwa na kiwanda kikubwa cha kampuni ya Chisso. Tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kilitumia zebaki katika kazi yake, na maji yake machafu yalimwagwa baharini.

Miaka ya 1950 watu waliona mambo ya kushangaza. Paka walitetemeka, wakazunguka-zunguka kama wenye wazimu, wakafa. Kunguru walianguka kutoka angani. Mwaka 1956 mtoto wa kike wa miaka 5 aliletwa hospitali. Alishindwa kutembea vizuri na kusema vizuri. Nyuma yake wakaja wengine. Hata watoto wachanga walizaliwa wagonjwa, kwa maana sumu ilitoka kwa mama ikamfikia mtoto tumboni.

Waganga waliuliza: wagonjwa na paka wamekula nini? Wote walikula samaki wa bahari ile. Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walipoanza kupima. Walipima tope. Penye mdomo wa mfereji wa kiwanda, tani moja ya tope ilikuwa na kilo 2 za zebaki. Mbali na mfereji zebaki ilipungua. Walipima pia nywele. Nywele za watu wa mbali zilikuwa na sehemu 4 za zebaki katika sehemu milioni moja. Nywele za mgonjwa mmoja zilikuwa na sehemu 705.

Mwaka 1959 wataalamu walitangaza kwamba zebaki ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mwaka huo huo Hosokawa Hajime, mganga wa hospitali ya kiwanda chenyewe, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka akaugua ugonjwa ule ule. Lakini wakubwa wa kiwanda walificha habari hiyo. Sumu iliendelea kumwagwa mpaka mwaka 1968. Miaka 9 ilipita bure, na watu walikuwa wakila samaki.

Baadaye tope lenye sumu lilifukuliwa, na samaki wakapimwa tena na tena. Mwaka 1997 ndipo samaki walipotangazwa kuwa salama.

Leo wataalamu wa nchi nyingi hupima samaki, manyoya ya ndege na nywele za watu. Unywele hukua karibu sentimita 1 kila mwezi. Kwa hiyo unywele wa sentimita 12 hueleza habari za mwaka mzima, kama daftari.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Wachimbaji wengine wa dhahabu, hata katika Kongo, huchanganya zebaki na mchanga ili ishike dhahabu, kisha huichoma motoni. Moshi wake ni sumu kwa mchomaji na kwa watoto walio karibu. Inayobaki huingia mtoni. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano ya kupunguza zebaki duniani, nayo yakaitwa kwa jina la Minamata.

Kupima ni kazi njema. Lakini anayepima akaona hatari, kisha akanyamaza, hajamsaidia mtu.

Maulizo
1. Kwa nini samaki mkubwa ana sumu kuliko mdogo?
2. Tope lilionyeshaje mahali sumu ilipotoka?
3. Wakubwa wa kiwanda wangalipaswa kufanya nini mwaka 1959?