Umio wa Mtoto Wenye Mzio: Dawa Isiachwe Njiani

Mtoto akikawia mezani, akitafuna tonge moja kwa muda mrefu na kulisukuma kwa maji, wazazi aghalabu humkaripia wakidhani anadeka. Huenda kweli anadeka. Lakini pia huenda umio wake, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, umevimba kwa mzio.

Maradhi haya yalianza kutambuliwa kuwa ugonjwa wa pekee katika miaka ya 1990. Chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili hukusanyika katika utando wa umio, mara nyingi kwa sababu ya vyakula kama maziwa, ngano, mayai au soya. Mtoto mchanga hutapika na kukataa kula. Mkubwa hulalamika tumbo, na kijana hukwamwa na chakula. Daktari huhakikisha kwa kuingiza mrija wenye taa na kuchukua vipande vidogo vya utando ili vipimwe.

Njia mojawapo ya matibabu ni dawa za jamii ya steroidi, kama budesonidi na flutikasoni. Nyingine hutolewa kwa kifaa kile kile cha pumu, ila mtoto humeza dawa badala ya kuivuta kifuani. Baada ya kuitumia, asile wala kunywa kwa nusu saa, ili dawa ipate kukaa juu ya utando. Kisha asukutue mdomo na kutema maji.

Hapa ndipo wazazi wengi hutatizika. Mtoto akipata nafuu, huona hapana haja tena ya dawa. Kumbe ugonjwa huu hudumu, na dawa ikikatwa uvimbe hurejea kwa wengi. Uvimbe ulioachwa kwa miaka huacha makovu, na umio hupungua upana. Kwa upande mwingine, hofu ya wazazi juu ya steroidi si upuuzi. Sehemu kubwa ya budesonidi iliyomezwa huvunjwa na ini kabla ya kuenea mwilini, lakini si yote. Yaweza kutokea ukungu mweupe mdomoni au katika umio. Kwa nadra, tezi zilizo juu ya figo hulegea katika kazi yake ya kutengeneza homoni ya kustahimili maradhi mazito. Kwa hiyo urefu na uzito wa mtoto hupimwa kila mara, na daktari hutafuta kipimo kidogo kabisa kinachotosha.

Nchini Marekani, dawa ya maji ya budesonidi iliidhinishwa mwaka 2024 kwa wenye umri wa miaka 11 na zaidi, tena kwa majuma 12 tu. Matibabu ya muda mrefu kwa watoto, basi, yahitaji uangalizi wa bingwa. Wengine huweza kutibiwa kwa kuepushwa vyakula vinavyowadhuru, chini ya ushauri wa mtaalamu wa lishe.

Wazazi wazingatie haya:

Msikatishe dawa ghafla bila idhini ya daktari.

Mwelezeni kama mtoto anatumia pia steroidi za pumu au za ngozi, kwani vipimo hujumlishwa.

Baba au mama akihamishiwa kituo kingine cha kazi, cheti cha matibabu kisafiri pamoja na mtoto.

Akichoka kupita kawaida, akitapika au kuona kizunguzungu, apelekwe kwa daktari. Na chakula kikimkwama hata asiweze kumeza mate, apelekwe hospitali papo hapo.