Kupima Usahaulifu wa Wazee

Mzee wa Iramba au Manyoni ambaye hakupata kuingia darasani, akipewa kalamu na kuambiwa achore saa ya ukutani, huenda akashindwa. Je, akili yake imepungua, au kipimo ndicho kisichomfaa?

Swali hili ni msingi wa utafiti wa demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hata mtu asiweze kujitunza. Demensia si uzee wenyewe, wala si uchawi. Jambo hili lina uzito, kwani katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi.

Mwaka 2010 watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Waligundua kwamba wazee wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Wilayani humo kilitumika pia kipimo kisichodai kusoma wala kuandika: mzee hutaja wanyama awajuao, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kwa Singida, maswali hayo yangefaa kuulizwa pia kwa Kinyaturu na Kinyiramba.

Kipimo kikiwa cha haki, jamii mbalimbali zaweza kulinganishwa. Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, wenye miaka 65 na zaidi, asilimia 1.35 walipata demensia kila mwaka. Miongoni mwa Wamarekani Weusi wa Indianapolis, asilimia 3.24. Kwa kuwa asili ya watu hao inakaribiana, wataalamu walielekeza macho kwenye mazingira na namna ya kuishi.

Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, yakiwemo elimu haba, shinikizo la damu, kisukari, uziwi, sigara na upweke. Yote yakiondolewa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Huko Hai, wazee wapatao 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi hawakujua.

Basi kinga haingoji uzee: huanza na mtoto kubaki shuleni, na mzazi kupimwa shinikizo la damu angali na nguvu za kulima.