Istilahi za Ibada ya Kihindu: Mfano wa Hekalu la Virupaksha

Mswada mmoja wa tafsiri uliowahi kufika mezani pangu ulieleza kwamba wanakijiji fulani wa India huenda hekaluni kila siku kuabudu sanamu. Matini ya asili haikusema hivyo. Ilisema kwamba huenda kupata darshana. Mfasiri hakukusudia ubaya. Alitumia maneno aliyoyakuta katika lugha, nayo yakatoa hukumu ambayo mwandishi hakuitoa. Yafaa basi tukitazame kitu chenyewe kabla ya kukipa majina.

Tuchukue hekalu la Virupaksha katika kijiji cha Pattadakal, jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Kijiji hicho kipo kando ya mto Malaprabha, kilometa zipatazo 22 kutoka Badami, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Chalukya. Jina lake kwa lugha ya Kikannada lahusu jiwe la kutawazia, kwani hapo ndipo wafalme hao walipotawazwa. Hekalu lilijengwa yapata mwaka 740 kwa amri ya Malkia Lokamahadevi, kuwa ukumbusho wa ushindi wa mumewe, Vikramaditya wa Pili, dhidi ya Wapallava wa Kanchi. Ushindi huo ulikuwa wa namna yake. Maandishi ya Kikannada yaliyochongwa katika hekalu la Kailasanatha, huko huko Kanchi, yasema kwamba mfalme hakuzipora mali za hekalu hilo bali alizirudisha. Tena hekalu la Pattadakal lafuata kwa mengi mjengo wa lile la Kanchi, yaani mshindi aliiga kazi ya mshindwa. Jina la bingwa wa ujenzi, Gunda, limehifadhiwa katika maandishi ya hekaluni, heshima ambayo mafundi wengi wa kale hawakuipata.

Hapo mwanzo hekalu liliitwa Lokeshvara, kwa kufuata jina la malkia. Virupaksha ni jina la mungu Shiva, na maana yake ni mwenye macho yasiyo ya kawaida, kwa kuwa Shiva ana jicho la tatu. Mwaka 1987 majengo ya Pattadakal, mahekalu tisa ya Kihindu na moja la Kijaini, yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hata hivyo Virupaksha si makumbusho tu, kwani ibada ingali ikifanyika humo.

Mwenye kuabudu huvua viatu, humpita Nandi, fahali wa jiwe aketiye katika banda lake akimwelekea Shiva, kisha huingia ukumbini hadi kizingiti cha chumba cha ndani kabisa. Humo mna linga, jiwe la mviringo lililosimama, ambalo ni alama ya Shiva. Halina uso wala viungo. Kuliita sanamu, neno ambalo kwetu huleta fikra ya umbo la mtu au mnyama, ni kosa la maelezo kabla ya kuwa kosa la adabu. Napendekeza libaki linga. Kwa murti, yaani mungu aliyepewa umbo, neno sanamu laweza kufaa katika maelezo ya uchongaji, lakini si katika maelezo ya ibada.

Chumba hicho huitwa garbhagriha, nyumba ya mimba. Hapa Kiswahili kina bahati ya ajabu: sisi tumeliita tumbo la mama nyumba ya uzazi, wao wakaiita nyumba ya mungu tumbo. Sitiari ni moja, imegeuzwa tu. Kwa bahati mbaya hatuwezi kuitumia, maana msomaji atafikiri habari za kliniki. Patakatifu pa patakatifu nako kwaleta Yerusalemu na kuhani mkuu aingiaye mara moja kwa mwaka, ambapo hapa mhudumu huingia kila siku kuliogesha linga kwa maji na maziwa, kulipamba kwa maua na kulizungushia taa. Chumba cha ndani chatosha, pamoja na maelezo mara ya kwanza.

Neno darshana hutokana na kuona, lakini si kutazama kwa upande mmoja: mja humwona mungu, na mungu humwona mja. Kiambishi chetu cha kutendana kimekwisha kuifanya kazi hiyo. Wanakijiji huenda kuonana na mungu wao. Mfasiri yule angaliandika hivyo, asingalimkosea mtu.

Limebaki prasada, chakula kilichotolewa kwa mungu na kurudishwa kwa watu. Wengi huandika sadaka, lakini sadaka ni ile inayokwenda, na prasada ni ile inayorudi. Watu wa mwambao wanalo neno tabaruku kwa vitu vya baraka wanavyogawiwa waliohudhuria maulidi, nalo lakaribia sana maana hiyo. Sijathubutu kulipendekeza, kwa kuwa limefungamana na Uislamu, na huenda likawakera wenye neno pamoja na wenye prasada. Kwa sasa tuandike chakula cha baraka, na walimu walio karibu na jumuiya za Kihindu za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wawaulize wenyewe wanasemaje wanapolieleza jambo hilo kwa Kiswahili.