Udongo wa Ndoo na Viriba, Kutoka Umatengo Hadi Mwambao wa Nyasa

Mzizi wa mhindi shambani ukikosa maji upande mmoja hujipenyeza upande mwingine au hushuka chini zaidi. Mzizi wa nyanya iliyopandwa kwenye ndoo ya lita 20 hauna pa kwenda. Maji, hewa na chakula chote cha mmea huo vimo ndani ya ndoo. Ndiyo maana udongo uliostawisha mgomba miaka mingi nyuma ya nyumba unaweza kuudhoofisha mchicha ndani ya wiki 3 ukizolewa na kutiwa kwenye kopo. Shambani, minyoo, mchwa na mizizi iliyooza huuachia udongo vinjia vya kupitisha maji na hewa. Kwenye chombo kinachomwagiliwa kila siku vinjia hivyo hujifunga, na udongo hushikana kama tofali. Mimea mingi inayofia kwenye vyombo huwa imezibwa pumzi kabla haijaanza kusikia njaa.

Wilayani Mbinga, katika milima ya Umatengo, jambo hili linafahamika kupitia kahawa. Mche wa kahawa huanzia kwenye kiriba, mfuko mwembamba mweusi wa plastiki wenye matundu, na hukaa humo miezi kadhaa kabla ya kupelekwa shambani mvua zikianza. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao makuu Lyamungu mkoani Kilimanjaro, ina kituo chake Ugano, Mbinga, na miche ya aina zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani imewafanya wakulima wengi wa Umatengo wawe mafundi wa kujaza viriba. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 haikuvigusa, kwa kuwa vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya katazo.

Katika vitalu vingi vya Afrika Mashariki mchanganyiko wa kujazia viriba hupimwa kwa debe: madebe 3 ya udongo wa juu wa msituni, 2 ya samadi iliyooza, na 1 la mchanga. Vipimo hivyo si msahafu. Udongo hushika maji na virutubisho, samadi hulisha na kulegeza, mchanga hufungua njia ya hewa. Mwenye udongo mwekundu mzito, kama ulivyo sehemu nyingi za milimani, huongeza mchanga hadi madebe 2. Mwenye udongo wa kichanga wa Mbamba Bay au Liuli, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, huuacha mchanga kabisa na kuongeza mboji. Anayenakili vipimo vya jirani bila kuangalia udongo wake mwenyewe hujiletea hasara.

Udongo wa msituni husifiwa kwa sababu majani yaliyooza kwa miaka yameufanya mwepesi na mweusi. Lakini misitu ya asili iliyobaki Umatengo ni michache, na tabaka hilo la juu ndilo linaloilisha miti yenyewe. Kukusanya majani makavu ya miti ya nyumbani, kuyalowesha na kuyafungia kwenye kiroba chenye matundu kwa mwaka mmoja huleta kitu kinachokaribiana nao. Majani ya mikaratusi yasitumiwe yakiwa mabichi, kwani mafuta yake huzuia mbegu kuota.

Wamatengo wana mfumo wao wa kilimo cha mlimani, ngolo, ambao wengine huuandika ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana kama vyumba vya mchezo wa drafti, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila chumba na kufunika nyasi hizo. Shimo linabaki katikati kuzuia maji ya mvua yasiporomoshe mlima, na matuta yanayolizunguka huwa na nyasi zinazoozea ndani. Maharage na mahindi hupokezana juu ya matuta hayo. Mfumo huo umelilisha eneo lenye miteremko mikali kwa vizazi vingi, na aliyekulia ndani yake huona ni jambo la kawaida kuzika majani mabichi chini ya mmea.

Kwenye ndoo, desturi hiyo hugeuka kuwa kosa. Vijidudu vinavyoozesha nyasi, maranda ya mbao au mabua huhitaji naitrojeni, na visipoipata kwenye nyasi huichukua kwenye udongo. Katika tuta la ngolo kuna udongo mwingi wa kukopa, na uozo huanza mapema kabla mazao hayajahitaji chakula kingi. Katika lita 20 hakuna akiba hiyo. Majani ya mmea hugeuka manjano kuanzia yale ya chini, na mwenye mmea huzidisha maji akidhani ni kiu. Kwa hiyo vitu vyote vya kuozesha huozeshwa kwanza nje ya chombo.

Malighafi ya kuozesha haiko mbali. Kahawa mbivu ikimenywa, karibu asilimia 40 ya uzito wake huwa ni ganda la nje lenye utomvu, na ganda hilo lina potasiamu nyingi pamoja na naitrojeni ya kutosha. Likiachwa kando ya mtambo hunuka, huvutia nzi, na maji yake yakitiririkia mtoni huchafua. Likirundikwa kwa matabaka pamoja na nyasi kavu na samadi kidogo, likageuzwa kila baada ya wiki 2 au 3, huwa mboji nyeusi baada ya miezi 3 hadi 5. Mavuno ya Mbinga huwa kiangazi, kuanzia katikati ya mwaka, hivyo rundo lililoanzishwa wakati huo huwa tayari mvua za mwisho wa mwaka zinapokaribia. Pumba kavu zinazotoka viwandani kahawa inapokobolewa ni kitu kingine. Hizo ni ngumu kama mbao, hazina chakula kingi, na kazi yake, baada ya kuoza, ni kulegeza udongo. Wengi huvichanganya vitu hivi viwili kwa kuwa vyote huitwa maganda ya kahawa.

Rundo zuri hupata joto katikati, hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, na joto hilo huua mbegu za magugu pamoja na vimelea vingi. Unyevu wake uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Likikaa baridi, mara nyingi limekauka au limekosa samadi. Likinuka kama yai viza, limelowa kupita kiasi na linahitaji kugeuzwa. Mboji iliyoiva hunuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na ndani yake haionekani tena ilikuwa nyasi au ganda.

Samadi nazo hazilingani. Ya ng'ombe ni pole na hufaa karibu kila mmea ikishakaa miezi 3 au zaidi. Ya mbuzi huizidi nguvu kidogo, na punje zake hulegeza udongo. Ya kuku ni kali. Naitrojeni yake ni nyingi mara 2 au 3 kuliko ya ng'ombe, na ikitiwa mbichi huunguza mizizi. Hata iliyooza isizidi sehemu 1 kwa 10 ya mchanganyiko. Nguruwe hufugwa sana Umatengo, lakini kinyesi chake kinaweza kubeba mayai ya minyoo inayompata binadamu, kwa hiyo kipite kwenye rundo lenye joto, na hata baada ya hapo ni bora kitumiwe kwa maua na miche ya miti kuliko kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Barabara ya kushuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hubadilisha masharti yote. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, wakati vijiji vingi vya milimani vimepita mita 1,300. Huko chini joto ni kali na ndoo nyeusi iliyoanikwa juani inaweza kukauka kabla ya jioni. Mwambaoni mboji inaweza kufika nusu ya mchanganyiko, na uso wa udongo hufunikwa kwa nyasi kavu au pumba za mpunga ili maji yasiruke. Jambo moja huwapendelea watu wa Nyasa kuliko wa Dar es Salaam au Tanga: ziwa lao ni la maji baridi, na mchanga wake hauna chumvi. Wa baharini lazima uoshwe mara kadhaa kabla ya kukutana na mzizi. Hata hivyo mchanga laini wa ufukweni hujaa kwenye nafasi za udongo badala ya kuzifungua, na ule wa chengachenga wa mitoni ni bora.

Mabaki ya dagaa na vichwa vya samaki yana fosforasi na naitrojeni nyingi. Yakizikwa mabichi kwenye chungu huita paka, siafu na nzi, na chungu hupinduliwa kabla mmea haujafaidika. Yaingie katikati ya rundo la mboji, yafunikwe vizuri. Yaliyotiwa chumvi yaachwe kabisa.

Majivu ya kuni hutoa potasiamu na kalsiamu na hupunguza uchachu wa udongo, lakini hayana naitrojeni. Gao moja kwa debe la mchanganyiko linatosha. Yasichanganywe na samadi mbichi, kwa sababu naitrojeni ya samadi hugeuka gesi na kupaa, na yasipelekwe kwenye kiriba cha kahawa, mmea unaopenda udongo wenye uchachu kidogo. Majivu ya makaa ya mawe, ambayo huchimbwa Ngaka wilayani Mbinga, ni habari nyingine. Yanaweza kuwa na madini yenye sumu na hayafai kabisa kwenye chakula. Kwa fosforasi, Tanzania ina mwamba wa Minjingu karibu na Ziwa Manyara, uliotokana na mifupa ya samaki na vinyesi vya ndege wa kale. Unga wake huyeyuka polepole na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye uchachu, ambao milimani upo tele. Mnunuzi asome mfuko, kwani baadhi ya mbolea zenye jina hilo zimeongezwa naitrojeni ya kiwandani na si za asili tena. Maganda ya mayai yanasifiwa kupita uwezo wake: hata yaliyosagwa huchukua muda mrefu kutoa kalsiamu, na kitako cheusi cha nyanya kwa kawaida husababishwa na umwagiliaji wa leo kidogo, kesho mafuriko.

Kuna kata wilayani Mbinga iitwayo Ukata, jina ambalo kwa msemaji wa Kiswahili cha kawaida ni kukosa fedha. Kwa mwenye ukata wa aina hiyo, habari njema ni kwamba hata upimaji wa mchanganyiko hauhitaji maabara. Konzi ya mchanganyiko wenye unyevu ikifinywa ishikane, kisha imeguke ikiguswa kwa kidole. Ikibaki donge, ina mfinyanzi mwingi. Ikimwagika, mchanga umezidi. Maji yakimiminwa kwenye chombo kilichojaa yanapaswa kuanza kutoka chini ndani ya dakika moja hivi. Mbegu chache za mchicha huonyesha yaliyobaki: zisipoota, au miche ikiungua ncha, samadi haijaiva.

Udongo uliotoka kwenye shamba la nyanya au viazi huweza kubeba minyoo fundo na mnyauko. Huloweshwa, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita 20, na kufunikwa kwa nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6. Kazi hiyo hufaa kiangazi, na mwambaoni kuliko milimani.

Chombo kiwe na matundu. Desturi ya kupanga kokoto chini ili maji yatoke haisaidii, kwa kuwa maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe, na hivyo sehemu iliyolowa husogezwa karibu na mizizi.

Kila umwagiliaji huondoka na chakula kidogo, kwa hiyo baada ya wiki 4 hadi 6 mmea huhitaji nyongeza. Kiroba cha samadi au cha majani ya tithonia, ule mmea wa kando ya barabara wenye maua ya njano kama alizeti, huning'inizwa ndani ya pipa la maji kwa wiki 2. Maji hayo huzimuliwa hadi yafanane na chai ya rangi isiyokolea, kisha hutiwa kwenye udongo ulio na unyevu, kila baada ya wiki 2. Majani ya tithonia yana naitrojeni na potasiamu nyingi kuliko samadi ya kawaida ya ng'ombe, ingawa fosforasi yake ni kidogo. Mkojo wa ng'ombe au sungura nao huzimuliwa, kikombe 1 kwa vikombe 10 vya maji. Kingo za majani zikiungua na ukoko mweupe ukionekana juu ya udongo, chakula kimezidi, na dawa yake ni maji matupu mengi yapite mpaka chini.

Msimu ukiisha, udongo wa ndoo hautupwi. Humwagwa, mizizi minene huondolewa, na sehemu 1 kati ya 3 hubadilishwa kwa mboji mpya. Uliootesha nyanya, bilinganya au pilipili hupewa maharage, vitunguu au mchicha msimu unaofuata, na ule uliokuwa na mmea ulionyauka ghafla ukiwa bado wa kijani humwagwa mbali na bustani.