BSA, Yamaha au TVS? Hesabu ya mwenye pikipiki Uvira

Anayetafuta pikipiki ya kazi Uvira huishia kwa TVS au Bajaj Boxer. Ikiwa mpya hupita dola 1,000, lakini akishalipa ana uhakika kwamba buji, cheni na klachi zake zinauzwa sokoni, na kwamba kila fundi kutoka Kavimvira hadi Kalundu ameshaifungua injini kama hiyo. Hapa nasema na wale wenye tamaa nyingine: kupata pikipiki ya zamani ya Uingereza, iwe BSA, Norton au Triumph, na kuifufua. Nawaelewa, maana mlio wa pikipiki hizo hausahauliki.

Tatizo lao si bei ya kununua. Chukua BSA M20, ya cc 496, iliyowabeba matarishi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Nati zake hazifuati milimita bali kipimo cha Whitworth, na spana za garaji zetu huteleza na kula pembe zake. Kwa hiyo unaanza kwa kununua spana, kabla hata ya kipuri cha kwanza. Magneto za Lucas na kabureta za Amal bado zinapatikana, ila kwa wauzaji wa Uingereza. Kipuri hicho kitashuka Dar es Salaam, kifike Kigoma, kivuke ziwa hadi Kalundu, kisha kilipiwe ushuru. Nauli inaweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe mara kadhaa, na pikipiki imelala uani muda wote huo.

Halafu petroli. Kwenda Baraka, M20 itakunywa karibu lita tano. TVS ya cc 125 inatosheka na mbili hivi. Tena gia za pikipiki za zamani za Uingereza hukanyagwa kwa mguu wa kulia, breki kwa wa kushoto. Aliyezoea Boxer, mbuzi akikatiza barabarani ghafla, atakanyaga gia akidhani ni breki. Hilo linanitisha kuliko gharama.

Wala ugumu wa mashine hizi si habari ya leo. Che Guevara, aliyevuka ziwa letu kutoka Kigoma hadi Kibamba mnamo Aprili 1965, alikuwa ameanza safari yake ya Amerika Kusini mwaka 1952 juu ya Norton ya rafiki yake Alberto Granado. Iliwafia Chile, wakaendelea kwa miguu na kwa kuomba lifti.

Kwa anayependa kufufua vya zamani, chaguo ninalolipenda zaidi ni Yamaha AG 100 au Honda XL 125, aina zilizotumiwa sana na misheni na mashirika. AG ina cheni iliyofunikwa, jambo kubwa kwa vumbi la barabara ya Makobola. Inataka oili ya kuchanganyika na petroli, nayo ni gharama ya kila siku, lakini nati zake ni za milimita na injini yake ni nyepesi kufungua.

Moyo ukikataa kabisa kuachana na Uingereza, tafuta Royal Enfield Bullet. Ilianza kuundwa Madras mwaka 1955, ikaendelea huko hata baada ya kiwanda cha Uingereza kufungwa, na vipuri vyake bado vinatoka India. Majina mengine nayo sasa yana mkono wa India: TVS hii hii ya vijana wetu wa teksi iliinunua Norton mwaka 2020 kwa pauni milioni 16, na Bajaj inaunda Triumph za cc 400 tangu 2023.

Uamuzi wangu: kama pikipiki ndiyo inayolisha watoto, nunua TVS au Boxer. Kama una kipato kingine na subira, fufua Yamaha. BSA mwachie mwenye ndugu Uingereza wa kumtumia vipuri. Na yoyote utakayochagua, nenda na fundi wako, linganisha namba ya chasisi na hati za muuzaji, na usitoe hata dola moja kabla injini haijawaka ikiwa baridi.