Homa, Kikohozi na Mkojo Mwekundu: Utambuzi wa Maradhi Katika Ukanda wa Dhahabu

Homa ni dalili ya maradhi mengi, na katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita, Katoro na Nyarugusu hadi Kahama mkoani Shinyanga, ni miongoni mwa mambo yanayowapeleka watu wengi zahanati. Malaria hufikiriwa kwanza, na kwa haki: Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, na mashimo ya machimbo yaliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua ambamo mbu huzaliana. Lakini malaria haithibitishwi kwa kumgusa mgonjwa paji la uso.

Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu. Mhudumu hufuta ncha ya kidole kwa spiriti, hukichoma, huweka tone kwenye kidirisha cha kipimo, kisha hudondoshea kimiminika chake na kusubiri dakika 15 hadi 20 kulingana na aina ya kipimo. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake malaria haikuonekana. Mistari miwili, malaria ipo. Mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo kimeharibika na hurudiwa. Aliyemaliza dozi wiki mbili tu zilizopita hupimwa kwa hadubini, kwa sababu aina nyingi za kipimo hiki hutambua protini ya vimelea inayoweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa.

Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto, ALu, iliyochukua nafasi ya SP nchini Tanzania mwaka 2006. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, na dawa hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Nafuu huja mapema, na hapo ndipo wengine huacha vidonge vilivyobaki au kumgawia mwenzao kambini, wakati vimelea bado vimo mwilini. Degedege, kupoteza fahamu au kutapika kila kinachomezwa ni malaria kali: mgonjwa huhitaji sindano ya artesuneti na hospitali.

Kipimo kisipoonyesha malaria, mhudumu hurudi kwenye maswali. Kwa bahati mbaya wagonjwa wengi huishia kuambiwa wana taifodi kwa kipimo cha Widal, ambacho hutafuta kingamwili zinazoweza kutokana na maambukizi ya zamani au vijidudu vingine. Uhakika hupatikana kwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu maabara, huduma isiyopatikana kila mahali. Antibayotiki inayotolewa kwa kubahatisha humla mgonjwa fedha na kuwazoesha vijidudu dawa.

Kwa mtoto mwenye homa na kikohozi, kifaa cha kwanza ni saa. Akiwa ametulia mapajani mwa mama, nguo hupandishwa kifuani na pumzi huhesabiwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huashiria nimonia, ambayo hutibiwa kwa amoksisilini ya kuyeyusha kwenye maji. Asiyeweza kunyonya au kunywa hapelekwi nyumbani, hupewa rufaa.

Kikohozi cha mtu mzima kina swali lake: unafanya kazi gani? Anayechimba kwenye duara, yaani shimo la machimbo, au kusaga mawe kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, huvuta vumbi la silika, laini kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, na humweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Akiwa na VVU, hatari huongezeka. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku na kukonda vinatosha kuomba makohozi kwa kipimo cha GeneXpert. Picha ya eksirei peke yake hupotosha, kwani makovu ya vumbi na ya kifua kikuu hufanana, na mchimbaji huweza kurudishiwa dozi ya kifua kikuu asicho nacho. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, bila malipo: dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4. Ugumu uko kwenye kuhama. Rashi ya dhahabu, yaani kukimbilia dhahabu mpya, ikilipuka kwingine, mchimbaji huondoka na dozi hubaki kwenye rejesta ya kituo alichokiacha. Anayeaga kituoni huandikiwa uhamisho na kuendelea na dawa huko aendako.

Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu. Asiyeambiwa mapema hudhani anakojoa damu, na huku Usukumani hofu hiyo ina mizizi: majaruba ya mpunga na madimbwi ya bara yana konokono wanaobeba kichocho cha kibofu, kinachotia damu kwenye mkojo, wakati kichocho cha utumbo kimetawala mwambao wa Ziwa Victoria. Mkojo huangaliwa kwa hadubini, na prazikwanteli hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo.

Zebaki huja kimyakimya. Mvuke wake hupanda dhahabu iliyoshikamana nayo inapochomwa, mara nyingi karibu na jiko la nyumbani, na hudhuru ubongo na figo. Dalili ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu na ladha ya chuma mdomoni. Mradi wa Umoja wa Mataifa uliwapima watu wa kijiji cha machimbo cha Rwamagasa, Geita, mwaka 2003 na kukuta sumu hiyo miongoni mwa wachomaji. Mhudumu humwambia mgonjwa afumbe macho na kugusa pua kwa kidole, au aandike jina lake. Herufi huonyesha tetemeko. Mkojo hupimwa maabara kubwa. Tiba ya kwanza ni kuacha kuvuta mvuke huo. Dawa za kuiondoa zebaki mwilini zipo, ila hazimsaidii anayerudi kuchoma kesho yake. Tetemeko la muda mfupi huweza kupungua polepole. La miaka mingi huweza kubaki.